Miezi isiyoonekana katika picha za kabla na baada

Ndugu Mhariri,

Matangazo ya upasuaji wa kurekebisha umbo huonyesha kiuno cha kabla na cha baada, lakini hayasemi lolote kuhusu miezi iliyo katikati. Aliyefyonzwa mafuta na kukatwa ngozi ya tumbo huenda akarudi nyumbani na mrija wa kutoa majimaji, atembee ameinama kwa siku kadhaa, na avae vazi la kubana kwa takriban wiki 6, muda ambao hapaswi kunyanyua ndoo wala mtoto. Uvimbe wenyewe huweza kuchukua miezi 3 hadi 6 kuisha. Atembee taratibu mapema, kwani kulala tu huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi zikimpaa ghafla, awahi hospitali, si kumpigia simu shoga aliyempeleka kliniki.

Msomaji wako,
Dar es Salaam