Mwanangu, Imani Hiyo ni ya Nani?

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Mama yako naye anakusalimu, ingawa yeye anasema atayatunza maneno yake mpaka utakapopita hapa nyumbani Jumapili, kwa sababu hapendi kuagana kwa karatasi. Mimi nimeona nikuandikie kabla hujafika, maana najua tukikaa ana kwa ana nitaanza kuzungumzia mizigo na nauli na hali ya hewa ya huko uendako, na lile ninalotaka kukuuliza litabaki moyoni kama lilivyobaki miaka yote hii.

Habari za mwenzako mliyebatizwa siku moja zimetufikia. Kwamba mtu anaweza kuiacha imani halikuwa jambo geni kwangu, kwani hata Paulo aliandika akiwa kifungoni kwamba Dema amemwacha kwa kuupenda ulimwengu huu wa sasa, na Dema huyo ndiye aliyekuwa ametajwa pamoja na Luka katika salamu za Waraka kwa Wakolosai. Kilichonishtua ni jibu lako. Nilipokuuliza wewe mwenyewe unaendeleaje, uliniambia, "Baba, usihangaike, mimi niliokoka nikiwa na miaka tisa." Jibu lilitoka upesi mno, kama mtu anayetaja namba ya kitambulisho chake. Nilikuuliza habari za moyo wako wa leo, nawe ukanipa habari za mtoto wa miaka tisa.

Siku ile sina haja ya kukusimulia, ulikuwepo. Ila kuna jambo moja ambalo huenda hukulitambua, kwa kuwa macho yako yalikuwa mbele: mhubiri alipowaita watu, mkono wangu ulikuwa mgongoni mwako. Sikukusukuma kwa nguvu, lakini mkono ulikuwepo, nawe ulikuwa mtoto mtiifu. Tangu habari hizi zitufikie nimekuwa nikikesha nikijiuliza kama siku ile ulimwendea Kristo au ulinitii mimi. Ndiyo maana nakuuliza bila kuzunguka: imani hiyo ni yako, au ni yangu, uliyoivaa miaka yote kwa sababu ilikutosha?

Usidhani kwamba sioni mema yako. Mama yako aliniambia ulivyokataa kutia sahihi hesabu za uongo pale kazini, ukajua fika kwamba ungeweza kufukuzwa, na kwa siku mbili nilitembea kifua mbele kama niliyeshinda vita. Siku ya tatu nilipata aibu, nawe unajua kwa nini. Jambo lile hukujifunza kwangu. Nimelishika hilo kama dalili njema kuliko zote, kwa sababu kama hukulipata kwangu, basi yuko mwingine aliyekufundisha.

Lakini nakukumbusha pia ulivyomjibu mama yako mara ya mwisho ulipokuwa hapa. Ulipoambiwa umekosea ulitoa maelezo marefu na mazuri, tena yenye mstari wa Biblia katikati yake, na katika maelezo yote yale neno "nimekosa" halikuwamo. Nilinyamaza, kwa kuwa nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwako. Hapo ndipo hofu yangu ilipoanzia, kabla hata ya habari za mwenzako.

Naona watu wengi hujipima kwa vitu ambavyo Bwana mwenyewe alisema havitoshi. Katika Mathayo sura ya 7, wale wanaokataliwa siku ile ni watu waliotoa unabii, wakatoa pepo, wakafanya miujiza mingi, tena kwa jina lake. Wote ni watu wa kanisani, na kinachonitetemesha ni kwamba wanaonekana kushangaa. Yakobo naye anasema mashetani huamini kwamba Mungu ni mmoja, na kutetemeka. Kwa hiyo mafundisho sahihi unayoyajua, na unayajua vizuri kuliko mimi, hayawezi kukujibia swali langu, wala kwaya uliyoiongoza, wala machozi ya siku za mkesha. Hata Simoni wa Samaria aliamini, akabatizwa, akawa anafuatana na Filipo kila mahali, na bado Petro alimwambia kwamba moyo wake si mnyofu mbele za Mungu. Msome tena katika Matendo sura ya 8, uangalie alichojibu alipokemewa: aliomba waombe kwa ajili yake ili yale mabaya yasimpate. Aliogopa adhabu, na juu ya dhambi yenyewe hakusema lolote.

Jambo hili ndilo nililolitafakari kuliko mengine yote. Mfalme Sauli aliposhitakiwa na Samweli alianza kwa kusema ameitimiza amri, kisha akawasingizia watu wake, na alipobanwa kabisa akakiri kwamba amekosa, lakini papo hapo akaomba aheshimiwe mbele ya wazee. Daudi alifanya makosa ambayo kwa macho ya watu ni mabaya zaidi, ya uzinzi na damu, na Nathani alipomwambia "Wewe ndiwe mtu huyo," alijibu kwamba amemfanyia Bwana dhambi, basi, bila kumtaja mtu mwingine na bila kudai heshima yake ibaki. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka mingi, na nimeijua sala ya Sauli kwa moyo. Mtu anaweza kuisali kwa maneno ya Daudi, na wanaomsikiliza wasitambue.

Kwa hiyo ukitaka kujua hali yako, angalia unachofanya dakika ile unapokutwa umekosa. Angalia pia unachofanya kabla hujakutwa, kwa maana hilo ni gumu zaidi na linasema mengi zaidi. Je, dhambi inakuuma kwa sababu imemhuzunisha Mungu, au kwa sababu inaweza kujulikana? Sitaki unijibu mimi. Mimi nimezoea kukubali majibu mazuri.

Tena uko mahali pazuri pa kulijua hilo. Huko uendako hakuna atakayejua kwamba wewe ni binti wa mzee wa kanisa, hakuna atakayehesabu Jumapili ulizokosa, na hakuna atakayemwandikia baba yako. Ukifungua Biblia, utaifungua kwa sababu una njaa nayo. Ukiacha kusali wiki nzima, chakula kitaliwa vilevile na kazi itaendelea vilevile, nami huku sitajua lolote. Namwomba Mungu upweke huo ukuonyeshe ukweli mapema, wakati ungali na nguvu za kuugeukia.

Nimekuwa nikimfikiria John Wesley, yule mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Wamethodisti, kwa kuwa naye alikuwa mtoto wa nyumba ya dini. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, na yeye mwenyewe alipewa ukasisi mwaka 1728. Mwaka 1735 alipanda meli kwenda Georgia, katika nchi ambayo leo ni Marekani, ili kuhubiri. Na njiani, Januari 1736, dhoruba ilipoipiga meli mpaka mawimbi yakaifunika, yeye mhubiri alijikuta anaogopa kufa, wakati Wamoraviani kutoka Ujerumani, wanawake na watoto wakiwamo, waliendelea na zaburi yao bila kuikatisha. Alirudi Uingereza akijiuliza moyoni kama anayo imani kweli. Jioni ya tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo kwenye mtaa wa Aldersgate, London, alimsikia mtu akisoma maneno ya Luther kuhusu Waraka kwa Warumi, ndipo akaona kwamba anamtumaini Kristo, Kristo peke yake, kwa wokovu wake. Alikuwa kasisi kwa miaka kumi kabla ya jioni hiyo. Baadaye sana, alipozipitia upya kumbukumbu zake, alijihukumu kwa upole zaidi, akaandika kwamba hata wakati ule wa kwanza alikuwa na imani ya mtumishi, ingawa si ya mwana. Nakutajia na hili la mwisho kwa makusudi, usije ukasoma barua yangu ukaanza kubomoa kila kitu ulichojengewa.

Kwa maana najua ulivyo. Ukichukua jambo hulichukua lote, na naogopa usije ukalala macho ukijichunguza mpaka usimwone tena Kristo kwa sababu ya kujitazama mwenyewe. Paulo aliwaambia Wakorintho wajijaribu kama wamekuwa katika imani, lakini swali linalofuata pale pale ni kama wanatambua kwamba Yesu Kristo yu ndani yao. Anayetafutwa katika kujichunguza huko ni yeye. Ungamo la Westminster la mwaka 1646, lile tamko la imani la makanisa ya Kipresbiteri, katika sura yake ya 18, linakubali wazi kwamba muumini wa kweli anaweza kungoja muda mrefu na kupambana na magumu mengi kabla hajapata uhakika. Imani dhaifu ni imani. Yule aliyelia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," hakufukuzwa, na ukumbuke kwamba alikuwa baba aliyemleta mtoto wake. Sala hiyo naisali kila asubuhi siku hizi, na sehemu yake ya pili ndiyo inayonichukua muda.

Basi ukiona kwamba ile ya miaka tisa ilikuwa yangu, usione haya kuanza leo. Hutakuwa umetudanganya. Mama yako na mimi tungefurahi zaidi kukusikia ukisema, "Baba, sijui kama naamini, lakini namwomba," kuliko kulisikia tena lile jibu la upesi. Na ukiona kwamba ni yako kweli, na moyoni natumaini ni yako, niandikie tu jinsi ulivyoijua, bila tarehe.

Tafuta kusanyiko mwezi wa kwanza, usingoje uzoee mji. Kaa na watu watakaokujua vya kutosha kukukemea, kwa sababu Yohana anasema twajua kwamba tumepita kutoka mautini kuingia uzimani kwa kuwa twawapenda ndugu, na ndugu hawapendwi kwa mbali. Mwombe mama yako radhi kabla hujaondoka. Yeye hataligusia, lakini anangoja.

Mambo ya nyumbani ni kama ulivyoyaacha. Mvua imepenya kona ya chumba chako, kwa hiyo vitu vyako tumevihamishia chumba cha wageni, na blanketi lako zito limefuliwa, ulichukue. Goti la mama yako halijapona vizuri, usimwache abebe sanduku hata akikuambia anaweza. Kitasa cha mlango wa mbele kimebadilishwa. Ukichelewa kufika, pita nyuma.

Kabatini usilitafute lile daftari la hazina lenye mwandiko wako, halipo tena. Mwezi uliopita nilimpelekea mchungaji, na kesho yake nikasimama mbele ya wazee nikawaonyesha ukurasa wenyewe, na tarakimu ile, nikawaambia kwamba mkono ulikuwa wa mtoto lakini agizo lilikuwa langu. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Wameniondoa katika baraza, nao wametenda haki. Ninalolijutia zaidi ni kwamba niliwaambia wao kabla sijakuambia wewe, ambaye nilikukosea kwanza, na hata sasa nimeliweka mwishoni mwa barua. Nisamehe, mwanangu.

Jumapili usitutafute mbele. Tunakaa safu ya nyuma, upande wa dirisha, na mama yako atakushikia nafasi.

Ni mimi baba yako.