Salamu za 6 Julai kwa Jamaa wa Masiwa

Wajomba zangu, mashangazi, na nyote wa Masiwa, yaani visiwa vya Komoro, Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore: Assalaam alaykum, na mkono wa sikukuu ya uhuru uwafikie popote mlipo.

Nawaandikia kutoka Unguja, kusi likivuma na baridi kidogo ya asubuhi. Kwetu huku tarehe 6 Julai ni siku ya kawaida, maana saba saba ni kesho yake. Lakini katika nyumba zenye damu ya Kingazija hapakosi mzee wa kuitaja, hasa wale wanaokumbuka chama cha MOLINACO kikidai uhuru wenu kutokea Dar es Salaam.

Najua Julai kwenu imefika na vishindo vyake. Ndege zinashusha jamaa wa Marseille, Ufaransa, wale mnaowaita "je viens", yaani "nakuja" kwa Kifaransa, na masanduku yasiyofungika. Msimu wa arusi kubwa umeingia, ile ada ambayo Mngazija asiyeitimiza, hata awe na mvi kichwa kizima, akikaa bangweni, uwanja wa mikutano ya mji, hukaa pembeni na neno lake halina uzito. Mimi nina yangu ya kusema kuhusu gharama hizo, lakini leo sikukuu, nayameza. Ila jambo moja nalipenda bila kinyongo: nyumba ni ya mwanamke. Bwana harusi ndiye anayehamia, na wakigombana, anayebeba mkoba ni yeye.

Wasiwasi wangu ni maji. Msimu wa harusi umeangukia kiangazi, na Ngazija haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Mvua ikinyesha, mwamba wa volkano unayanywa maji yote, ndiyo maana watu wengi hutegemea mvua waliyoihifadhi kwenye birika, yale matangi ya kujengwa. Nzwani na Mwali wana mito yao, wao ni jirani tu katika kusikia habari hizi. Mwaka 2005 Karthala, mlima wa mita 2,361, ulipotema majivu, hata hayo ya birika yalichafuka. Mtu anayepikia wageni mia kwa maji ya birika mwezi wa Julai anastahili nishani ya ushujaa ya peke yake.

Mara yangu ya kwanza Moroni, mji mkuu wenu, mzee mmoja nilimpisha njia akaniambia, "Marahaba." Nilifadhaika. Nikadhani ananisuta kwamba sijamwamkia, nikakimbilia kusema shikamoo. Kumbe ananishukuru! Ndivyo lugha zetu zilivyo, dada waliolelewa nyumba mbili. Wimbo wenu wa taifa unaitwa Udzima wa ya Masiwa. Udzima kwenu ni umoja. Sisi tukisema uzima tunakusudia afya, kutokuwa na kasoro. Kila nikiusikia wimbo ule nasikia maana zote mbili pamoja.

Na hapo ndipo sikukuu hii inaponichanganya. Bendera ina nyota nne na milia minne, lakini dola inatawala visiwa vitatu. Katika kura ya Desemba 1974 wengi wa Maore walikataa uhuru. Ahmed Abdallah alipoutangaza tarehe 6 Julai 1975, Ufaransa ilikibakisha kisiwa hicho, na yeye mwenyewe alipinduliwa kabla mwezi haujatimia. Mwaka 2011 Maore ikafanywa mkoa kamili wa Ufaransa. Kutoka Nzwani ni kilomita kama 70 tu, ila tangu 1995 anayetaka kwenda kumzika shangazi yake ng'ambo ya pili anadaiwa viza. Wasioipata hupanda kwasakwasa, vile viboti vidogo, usiku, na bahari imewala wengi. Kimbunga Chido kilipoivunja Maore Desemba 2024, Moroni ilitangaza maombolezo ya wiki nzima. Wenye kubishana juu ya mipaka na waendelee, mimi siku ile niliona msiba una wenyewe.

Baada ya mapinduzi yasiyohesabika vidoleni, na Nzwani kujitenga mwaka 1997, mlibuni kitu ambacho bado nakiona cha busara: urais wa zamu. Katiba ya 2001 iliugawa uongozi wa Muungano wa Komoro kisiwa baada ya kisiwa. Sambi wa Nzwani akaingia 2006, na 2011 Ikililou Dhoinine wa Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote, ambacho kwa hesabu ya kura peke yake kisingeota kutoa rais. Zamu ikarudi Ngazija 2016 kwa Azali Assoumani. Kura ya maoni ya 2018 ikaruhusu kisiwa kimoja kushika mihula miwili mfululizo, na hapo zamu ikawa ndefu. Nzwani wanahesabu miaka. Ningekuwa mimi, ningeiacha kama ilivyokuwa.

Lakini tusiharibu sikukuu. Mnakumbuka Januari 2022, Kombe la Mataifa ya Afrika? Gombessa, samaki aliyedhaniwa kutoweka zamani za kale, ndiye aliyeipa timu yenu jina, na timu ikaogelea kwelikweli: Ghana ikafungwa 3–2. Kisha Kameruni, golini amesimama beki, Chaker Alhadhur, kwa kukosa kipa, na mchezaji mmoja ametolewa mapema. Mkafungwa 2–1 tu. Mtaa mzima huku ulikuwa wenu usiku ule.

Kwa hiyo Mungu awape mvua kabla ya wakati wake, awape langilangi na karafuu zenye bei, awarejeshe salama walio baharini. Mjomba, harusi ya binti yako nitakuja, inshaallah. Nitaleta tende na halua. Mniwekee mkate wa sinia, kile kipande cha pembeni kilichoungua kidogo, na mtu asikiguse.