Barua ya wazi kwa Mkuu wa Barabara wa mji wetu: hadithi zimetosha, tunaomba daraja

Mheshimiwa,

Salamu na heshima zote. Nakala ya Kiingereza iko mezani kwako tangu majira ya matope, theluji ilipokuwa ikiyeyuka, na jibu sijaliona. Hii naiandika kwa Kiswahili ili ndugu zangu tuliotoka Kongo tukatawanyika hapa Vermont wajue tunavyoishi huku vijijini.

Juzi mvua imenyesha, na zile mbao za muda mlizotuwekea mtoni badala ya daraja zimevunjika chini ya gari la jirani yangu, mzee aliyekuwa akiwahi kusafishwa figo. Gurudumu la mbele lilizama lote. Tulimvuta kwa trekta ya mfugaji. Ofisi yako ilileta koni moja ya barabarani, ya rangi ya chungwa. Ahsante kwa koni.

Kwenye mkutano wa mji, Jumanne ya kwanza ya Machi, nilisimama nikauliza habari za daraja. Ukatusimulia kwamba mwaka 1840 jimbo hili lilikuwa na kondoo zaidi ya watano kwa kila mtu. Kwamba usiku wa tarehe 3 Agosti 1923, saa nane na dakika 47, Calvin Coolidge aliapishwa urais wa Marekani na baba yake mzazi kule Plymouth Notch, kijiji cha humu jimboni, kwa mwanga wa taa ya mafuta. Watu wakapiga makofi. Ukaahidi daraja “kabla joto halijaisha”, kikao kikafungwa.

Basi nami nikusimulie. Zamani theluji haikuondolewa barabarani. Ilishindiliwa kwa rola kubwa za mbao zilizovutwa na farasi, ili sleji, yale magari yasiyo na magurudumu, ziteleze. Na kwa kuwa ndani ya madaraja yenye paa theluji haiingii, kulikuwa na watu wa kuichota kwa koleo na kuitandaza humo. Watu wazima, kazi yao kulitia daraja theluji! Sisi hata wa kupigilia msumari hatuna.

Novemba 1927 mafuriko ya humu jimboni yaliua watu 84, naibu gavana akiwemo, yakabomoa madaraja 1,285. Wakajenga. Sisi tunadai moja tu, lililochukuliwa na mafuriko ya Julai 2023. Julai 2024 maji yakarudi kumalizia nguzo.

Mnasema fedha zimekwama Washington. Huenda. Mimi nahisi ni kwa sababu ng’ambo hii tuko kaya chache, na majina yetu yanawashinda kutamka. Kama nakusingizia, nionyeshe karatasi.

Natunza wazee usiku. Zamu ikiisha nauzunguka mlima mzima, kwa mafuta ya mfukoni mwangu, springi ya gari imeshakatika kwenye changarawe, na bosi ameshanionya kwa kuchelewa. Basi la shule haliji tena. Watoto wanalifuata ng’ambo kwa miguu, gizani.

Tunaomba daraja. Likishindikana, la chuma, la muda. Nalo likishindikana, basi mbao nene zilizopigiliwa sawasawa.

Mbao tu, Mheshimiwa. Kabla ya theluji.

Wako,
Mkazi wa ng’ambo ya mto