Barua kwa Mwanangu Anayeanza Utafiti

Igombe, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Mama yako ameniambia kwamba mhadhiri mmoja wa Idara ya Takwimu hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, amekuchukua uwe msaidizi wake wa utafiti likizo hii ndefu, na kwamba utafiti wenyewe unahusu mavuno ya dagaa wa ziwa letu hili la Victoria. Nimefurahi mno, ingawa habari kubwa kama hiyo ilistahili kunifikia kwa kinywa chako. Mwanafunzi wa mwaka wa pili kukaa meza moja na mwalimu wake, akashika takwimu ambazo hazikutoka katika kitabu cha mazoezi, ni nafasi ambayo wengi humaliza shahada bila kuionja.

Lakini kuna jambo linalonikosesha raha: wewe hupendi kuonekana hujui. Ya kidato cha tatu unayakumbuka, sina haja ya kuyarudia. Katika mtihani, nafasi uliyoiacha wazi hukunyima alama wewe peke yako. Katika utafiti, nafasi uliyoijaza kwa kubuni huharibu kazi ya wote. Ukikuta dodoso lina pengo, liache, andika kwamba jibu halipo, kisha mwambie mhadhiri. Usijaze namba ambayo hakuna aliyeipima.

Nasema hivyo kwa sababu naona hapa mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, jinsi namba zinavyozaliwa. Mkusanya takwimu akifika mitumbwi ikiwa imeshashusha, humwuliza mama yako amenunua ndoo ngapi, naye hujibu ndoo sita, na ni kweli. Ila ndoo yake hujazwa hadi dagaa wafanye kichuguu juu ya mdomo, ilhali ya jirani yake husawazishwa na ukingo kwa kiganja, na dagaa waliochujwa maji hawalingani uzito na waliotoka mtumbwini sasa hivi. Kwenye karatasi zote ni ndoo sita. Kisha kuna mwezi: dagaa huvuliwa kwa taa siku za giza, na mbalamwezi ikikolea wavuvi wengi hupumzika. Aliyehesabu wiki ya giza pekee, akazidisha kwa wiki zote za mwaka, ataandika samaki ambao hawakuvuliwa kamwe. Kwa hiyo muulize mhadhiri, kwa adabu, siku za sampuli zilichaguliwaje, ndoo ilichukuliwa kuwa kilo ngapi, na nani aliyejaza madodoso.

Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu mmoja mmoja hadi tukafika watu 61,741,120. Ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800 halihesabiki hivyo, na ndiyo maana mialo michache husimama badala ya mingine yote. Hapo namba moja ya kubuni haibaki moja, kwa kuwa huzidishwa pamoja na zile za kweli. Nakuomba tena, mwanangu, hata kama kazi inatakiwa kesho na mhadhiri ana haraka, usijaze.

Usione haya wakikuanzishia kazi ya kuingiza na kusafisha takwimu, kwani ndiko mtu anakojifunza kuzitilia shaka. Faili ghafi usiliguse, fanyia kazi nakala, na kila badiliko liandike katika daftari pamoja na sababu yake. Programu ya R ya kuchambulia takwimu ni ya bure, basi usidanganyike kununua ya kughushi mitaani. Uliza mapema, wala si utovu wa heshima, kama jina lako litaandikwa kwenye makala au kwenye shukrani. Na kwa vile TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi nchini, ina kituo hapa Mwanza, omba barua ya utambulisho, ili ukija nyumbani upate kuwaona wataalamu wa uvuvi kabla ya kuamini hesabu zako.

Mama yako anasikitika kwamba hutakuwapo kumsaidia kutengeneza chanja, maana nguzo mbili zimeoza na dagaa wanaoanikwa mchangani hawapati bei. Nimemtafuta fundi. Mdogo wako amerudia hesabu za sehemu na bado anakosea, nami sina subira naye kama niliyokuwa nayo kwako. Mpigie Jumapili umweleze. Kioo cha simu ya mama yako kimepasuka, hivyo tumia namba yangu. Fedha ya chumba nitaituma mwisho wa mwezi, na ikiwa mhadhiri atakulipa posho, usikatae.

Baba yako