Shukrani za familia kwa wote mliomlilia baba pamoja nasi

Ndugu, jamaa, marafiki na nyie wasikilizaji wa vipindi vya baba vya kuchekesha redioni, wakubwa zetu shikamooni na wadogo tunawasalimu sana. Mimi ni binti yake mkubwa, naandika kwa niaba ya mama, wadogo zangu na wajukuu, maana kumshukuru kila mtu mmoja mmoja hatutaweza, tumejaribu kujibu meseji lakini zinaingia nyingi kuliko tunavyoweza kusoma.

Asanteni madaktari na manesi mliomuuguza, viongozi wa dini, majirani mliolala na sisi msibani na vijana mliochimba kaburi.

Wenzake wa studio nyie sijui niwaambie nini. Siku ile mdogo wake wa kazi alipokaa kwenye kiti cha baba kutangaza msiba, sauti ikamkatikia hewani, na redioni ukimya wa sekunde chache tu mtu anadhani mitambo imezima, lakini fundi mitambo hakukimbilia kuweka muziki, alimwacha kijana apumue mpaka akamalizia mwenyewe. Tulikuwa tunasikiliza nyumbani wote, mama akasema huyo fundi Mungu ambariki.

Na nyie wasikilizaji jamani. Wengi hamkuwahi kumuona sura, pale mazishini kuna mama alisimama mbele ya picha akasema kumbe ndo huyu, akaanza kulia upya, na mzee mmoja alimsikia mdogo wangu akiongea tu akamshika mkono akasema hii ni sauti ya baba yako, akagoma kuuachia. Tulijua anapendwa ila hatukujua ni kiasi hiki, yani mmetubeba kweli.

Watu walizoea kumsikia anacheka lakini kuchekesha kwake ilikuwa kazi ngumu. Kipindi cha dakika chache aliandika usiku kucha, akifuta utani wowote unaomcheka mtu kwa alivyoumbwa au kwa umaskini wake. Sie watoto tumekua tunasikia farasi ndani, kumbe ni baba anatengeneza sauti za kipindi, anagonga vifuu vya nazi, na miguu ya mtu anayekuja ni changarawe kwenye boksi. Alipougua hakuweza tena kufika studio, akawa anajifunika blanketi kichwani na maiki yake ili chumba kisirudishe mwangwi, mama anaingiza mkono na tochi asome skripti, na nyie huko mlicheka bila kujua kama anaumwa, ndivyo alivyotaka.

Sasa tuna ombi. Vipindi vyake vya zamani vingi vilirushwa laivu na havikuhifadhiwa, tepu zilikuwa ghali zikarekodiwa juu yake vitu vingine. Kama wewe au mzazi wako mlirekodi kwenye kaseti tafadhali msiitupe, na msiipige kwenye redio mbovu utepe wake ukaliwa, wapelekeeni wenzake wa studio wahamishe sauti iliyomo halafu mrudishiwe kaseti yenu.

Pia kuna mtu anapiga simu akiomba michango kwa jina la baba, huyo hatumjui. Mazishi yameisha na familia haichangishi chochote, akikupigia usimtumie hela.

Asanteni sana, Mungu awalipe pale sisi tusipoweza.