"Kwa muda" hadi lini?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumzie "kwa muda", maneno yanayotumika ovyo siku hizi katika habari na matangazo. "Huduma imesitishwa kwa muda." Msomaji anaelewa kwamba itarudi. Ongeza neno moja tu, "huduma imesitishwa kwa muda sasa", na maana inageuka: watu wamekaa bila huduma, wala hakuna aliyeahidi chochote.

Muda, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, halisemi fupi wala refu. Kwamba jambo litakoma, hilo tunalitia sisi wenyewe. Ndiyo maana Katiba ya Muda ya Tanzania ya 1965 ilitumika hadi 1977 na jina lake halikusema uongo. Miaka 12 nayo ni muda.

"Mpito" ni habari nyingine, ingawa wengi huona ni mamoja. Limetokana na kupita, na apitaye ana atokako na aendako. Serikali ya mpito lazima iwe na inachokiandaa: uchaguzi, katiba mpya, makabidhiano. Kama haina, ni serikali ya muda tu na iitwe hivyo. Daraja linalowekwa haraka baada ya mafuriko ni la muda, si la mpito, hata kama watu wanapita juu yake mchana kutwa.

Kaimu halina taabu, ila watu wasilichanganye na naibu. Naibu ana cheo chake hata mkubwa wake akiwapo ofisini. Kaimu anashikilia nafasi mpaka mwenyewe arudi au ateuliwe mwingine. (Kibarua nalo lingestahili barua yake, maana huko ndiko lilikotoka: kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa.)

Ombi langu ni hili. Mwandishi akileta "kwa muda", aulizwe mpaka lini. Msemaji akiwa ametaja tarehe, iandikwe: "imesitishwa hadi Juni 30". Asipoitaja, msomaji aambiwe waziwazi kwamba haikutajwa, hata kama sentensi itarefuka. Ila "kwa muda usiojulikana" sina ugomvi nayo. Anayeisema anakiri kabisa kwamba hajui.

Msomaji wako wa kila siku