Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wafugaji wa Ng'ombe wa Maziwa, Lushoto

Wazee wetu, akina mama, ndugu wanachama wenzangu, asanteni kwa kupanda hadi hapa na utelezi huu.

Mapato na matumizi atayasoma mhazini, na karatasi mnazo mkononi. Mimi nitakaa kwenye jambo moja lililotugharimu mwaka huu: njano ya lusina, ule mkunde wa malisho uitwao pia alfalfa.

Mnakumbuka masika. Lusina ya makinga maji ya juu ilianza kupauka, majani ya chini yakitangulia. Nilisimama mbele yenu nikasema ni njaa ya naitrojeni, tununue mbolea ya urea. Muuza pembejeo naye akatupa moyo, kama ilivyo kawaida yao. Majani yakarudi kijani kwa wiki chache, tukapongezana, kisha yakawa njano kupita mwanzo. Fedha ilikuwa yenu, kosa langu.

Tulichofanya mwishoni ndicho kilichopaswa kuwa cha kwanza, yaani kuchimba. Bwana mifugo alitoa mche taratibu na udongo wake, akauosha, akapasua vinundu vya mizizi kwa ukucha. Kinundu kinachofanya kazi huwa chekundu au cha waridi ndani. Vyetu vilikuwa vichache, vidogo, na vyeupe kama punje za mchele. Mikunde hulishwa naitrojeni ya hewani na bakteria wanaoishi humo, na ukiimwagia urea inaona haina haja ya kuwafuga. Tena bakteria hao hawafanyi kazi bila molibdeni, madini yanayotakiwa kidogo mno, lakini udongo mchachu huyashikilia. Nao udongo wetu wa Usambara umeoshwa na mvua mpaka umechachuka. Lusina inataka pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka uchachu umezidi, ya 6.5 au zaidi kidogo. Sisi hatukuwa karibu. Kwa hiyo naitrojeni ilipungua kweli, ila dawa ilikuwa chokaa ya kupunguza uchachu, si urea.

Tangu siku ile tunaisoma njano kabla ya kufungua mfuko. Umbijani, ile rangi ya kijani, una magnesi katikati na naitrojeni pembeni yake. Vikipungua, mmea hubomoa majani makuukuu ili ulishe machanga. Njano ya chini iliyoenea jani zima ni naitrojeni. Ya chini yenye mishipa iliyobaki kijani ni magnesi. Salfa na chuma havihami kirahisi, hivyo upungufu wake huanzia juu, kwenye majani machanga. Na vile vidoa vyeupe pembezoni mwa majani ya lusina, ambavyo wengi mliniletea mkidhani ni wadudu, ni upungufu wa potasiamu. Tunakata malisho kila wiki tunapeleka zizini, na samadi tunaipeleka kwenye kabichi. Shamba la malisho litapata potasiamu wapi?

Desmodiamu, mkunde wetu mwingine wa malisho, ina habari yake. Inavumilia uchachu, haikupata njano, lakini kwenye mashamba ya bondeni ilidumaa, majani yakawa kijani kizito kisha zambarau. Hiyo ni njaa ya fosforasi: mmea ukiikosa, ukuaji husimama, sukari hubaki kwenye jani, na rangi ya zambarau iitwayo anthosiyanini hujengeka. Baridi ya Julai nayo huleta zambarau, basi msiniite kabla ya kusubiri jua la Septemba. Na madoa ya kahawia kwenye desmodiamu ile aina iitwayo Greenleaf, ya majani ya kijani, ni maumbile yake. Kuna mwenzetu alikwisha kung'oa mstari mzima akidhani ni ugonjwa. Simtaji, anacheka pale nyuma.

Kwa fosforasi tumeafikiana kutumia mbolea ya Minjingu kwenye desmodiamu. Ni mwamba uliosagwa, na uchachu wa udongo ndio unaouyeyusha. Kwa sababu hiyohiyo msiichanganye na chokaa katika shamba moja, mtaizimisha. Chokaa iende kwenye lusina peke yake, mapema kabla ya kupanda, ikafukiwe vizuri.

Kuna aliyeniuliza rangi ina faida gani, ng'ombe si anakula tu. Jani lililopauka limepoteza protini, na karotini hupungua pamoja na umbijani. Karotini ndiyo ng'ombe anayogeuza kuwa vitamini A, na ndiyo inayotia umanjano kwenye samli. Ndama akiikosa muda mrefu huanza kujigonga jioni, haoni. Ndiyo sababu kamati imeomba nyasi kavu zianikwe kivulini; jua kali huiunguza karotini hata kama shamba lilikuwa zuri.

Mengine kwa ufupi: kibanda cha kukusanyia maziwa kimeezekwa, na deni la mashine ya kukatia majani limebaki awamu moja.

Kamati inaomba idhini yenu kwa mambo mawili. Kwanza, chama kisinunue mbolea yoyote ya mikunde kabla udongo haujapimwa. Pili, kila kikundi kije mkutano ujao na mche mmoja, jani hadi mzizi, ukiwa na udongo wake. Majembe tutatoa sisi; maji ya kuoshea yapo bombani.